Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi Taa Kwenye Filamu ya Mzimu

Saa 8:30 mchana

Siku yangu inaanza wenzangu wakiwa wameshakula chakula cha mchana. Tunapiga filamu ya mzimu, na mzimu hatoki mchana, kwa hiyo Novemba hii nalala asubuhi, naamka adhuhuri, kisha napanda gari la vifaa kutoka Roma kuelekea kaskazini, kwenye kijiji kilichojengwa juu ya jabali. Hadithi ni ya kijakazi aliyesingiziwa wizi, akatupwa kisimani, na sasa amerudi kuwachukua wajukuu wa waliomtupa, mmoja baada ya mwingine. Si hadithi mpya. Bibi yangu kule Tanga angeitunga huku akichambua mchele, na yake ingetisha zaidi.

Mimi ni msaidizi wa fundi taa. Kwenye filamu yenye pesa tungekuwa kundi zima. Hapa tuko wawili, na mmoja wetu ndiye dereva. Gari haliingii lango la kijiji, vichochoro ni vyembamba mno. Kila stendi na kila koili ya waya hupanda ngazi begani mwa mtu.

Saa 10 jioni

Sasa umeme. Nyumba ya kawaida nchini Italia hupewa kilowati 3 tu, na hii tuliyokodi ina hizo hizo. Mpambaji akiwasha mashine ya kukaushia nywele wakati jikoni birika la umeme linachemka, swichi kuu inashuka na sote tunabaki gizani tukilaumiana. Jenereta tunalo, dogo, lakini linanguruma na mrekodi sauti hataki hata kulisikia likitajwa. Limefichwa bondeni, waya umepandishwa ukutani hadi dirisha la ghorofa ya kwanza. Taa zetu karibu zote ni za LED, zinazotumia umeme kidogo, kwa sababu hiyo. Si kwamba tunazipenda sana.

Jua linazama kabla ya saa kumi na moja. Tulipata shoti, yaani kipande cha picha, ya kijiji kwa mbali anga likiwa bado la buluu, tukakusanya vitu, tukaingia ndani.

Saa 1 usiku

Hapa ndipo ilipo kazi yenyewe. Leo kijakazi anamtokea mjukuu wa kwanza sebuleni. Kompyuta ingeweza kumweka pale, ila kila shoti ya kompyuta ina bei yake, na mtayarishaji wetu hesabu anaijua. Tukarudi kwenye ujanja wa jukwaani wa mwaka 1862: mhadhiri wa sayansi John Henry Pepper aliuonyesha London usiku wa kuamkia Krismasi, akiuboresha kutokana na wazo la mhandisi Henry Dircks. Watu walilipa kiingilio kumwona mzimu akisimama jukwaani, kumbe wanatazama kioo.

Unafanya hivi. Kioo kikubwa kisafi kinasimamishwa mbele ya kamera, kimekaa mshazari wa digrii 45. Kamera inaona sebule kupitia kioo hicho. Pembeni, mahali ambapo kamera haifiki, tumejenga kibanda cha vitambaa vyeusi, na mwigizaji wetu wa mzimu amesimama ndani yake. Taa yake ikizimwa, kioo ni kama hakipo. Ikiwaka, sura yake inaakisiwa na anaonekana amesimama mle sebuleni, umbali uleule nyuma ya kioo kama alivyo mbele yake. Mwanga ukiwa mdogo, unaona kabati kupitia kifua chake. Ukiongezwa, anakuwa mtu mzima wa nyama na mifupa. Kidole kwenye swichi ya kupunguza mwanga ni changu, kwa hiyo mimi ndiye ninayemleta na mimi ndiye ninayemrudisha kisimani.

Lakini taabu zake! Sura ya kwenye kioo imegeuka, kushoto ni kulia, hivyo kovu la shavu la kushoto lazima lichorwe shavu la kulia, na vifungo vya gauni vigeuzwe upande. Alama ya kidole kwenye kioo inaelea hewani kama jicho la pili. Mjukuu naye, kwa pale aliposimama, hamwoni mzimu pale tunapomwona sisi. Inabidi mtu ashike mpini wa dekio mahali pa uso wa mzimu, mwigizaji wa mjukuu apakariri, kisha dekio liondolewe. Hofu yote ile mtakayoiona usoni mwake ni hofu ya dekio.

Na ukuta ulio nyuma ya mzimu lazima uwe na giza, la sivyo mwanga wa ukuta unammeza. Mpiga picha alitaka mshumaa mezani, dirisha lenye mbalamwezi, na moto mekoni. Tukazima moto. Mzimu akaonekana kidogo. Tukazima mbalamwezi. Ulipobaki mshumaa peke yake, yule mama wa mavazi, ambaye gauni lile alilishona yeye mwenyewe, akarudi nyuma hatua moja. Wanafunzi wa filamu huniuliza nilitumia taa gani. Wangeniuliza nilizima zipi.

Saa 4 usiku

Chakula huja kwenye kisanduku, Waitalia wanakiita cestino: tambi zilizopoa, mkate, chungwa. Tunakula kwenye ngazi za kanisa.

Si mbali na hapa kuna Calcata, kijiji ambako mwongozaji wa Kiitalia Mario Bava alipiga sehemu ya Operazione paura, filamu iliyotoka mwaka 1966. Nayo ni ya kisasi: mtoto wa kike, Melissa Graps, aliyeachwa afe huku wanakijiji wakisherehekea, anarudi, na anayemwona hujiua kwa mkono wake mwenyewe. Inasimuliwa kwamba pesa ziliisha katikati na mafundi wakaendelea bila malipo. Mtoto huyo aliigizwa na mvulana, Valerio Valeri, aliyevalishwa wigi na gauni, na nadhani ndiyo maana anaogofya: kuna kitu hakiko sawa na hujui ni nini. Bava alikuwa mpiga picha kabla ya kuwa mwongozaji. Kwenye filamu hiyo kuna mahali daktari anamkimbiza mtu chumba hadi chumba, chumba ni kilekile kila mara, na anapomshika bega anakuta ni yeye mwenyewe. Seti moja, mlango wa kuingilia na wa kutokea, na mkasi wa mhariri. Nikiambiwa leo kwamba bajeti haitoshi kutisha watu, huwataja hao.

Saa 6 usiku

Nje, kisimani. Baridi imekuwa kali na tatizo ni pumzi. Binadamu akitoa mvuke mdomoni inapendeza; mzimu akitoa mvuke ni aibu. Mwigizaji anatafuna barafu kabla ya kila shoti ili mdomo upoe, maskini, amevaa gauni jepesi lililoloweshwa maji. Barafu hiyohiyo tunapitishia moshi wa mashine ili upoe na utambae chini badala ya kupaa. Barafu kavu, ile ya kaboni dioksidi iliyogandishwa, ingefanya vizuri zaidi, lakini tumeambiwa tusubiri wiki ijayo, na wiki iliyopita tuliambiwa vivyo hivyo.

Upepo ukauchukua moshi. Kengele ya kanisa ikapiga katikati ya maneno ya mzimu. Tukarudia.

Saa 9 usiku

Ujumbe wa sauti kutoka kwa mama. Tanga ni saa kumi na moja alfajiri, ameamka kuswali. "Mwanangu, hujambo? Hao watu wameshakulipa, au unamngoja mzimu akulipe?"

Nikamjibu: shikamoo mama, wamesema Ijumaa. Hakuuliza Ijumaa ipi, nikashukuru.

Saa 11 alfajiri

Kukunja nyaya, kushusha stendi, kuzima jenereta. Kazi ya mwisho ni kioo, ambacho tumekiazima kwa fundi vioo wa kijiji cha chini. Tulikishusha watu wanne, kimefungwa mablanketi, mmoja akitangulia na tochi kutaja kila ngazi. Fundi alikuwa ameshafungua duka. Akakagua kona zote, akagonga katikati kwa ukucha, akaturudishia amana yetu na kuuliza kama jioni tunakitaka tena.

Tunakitaka. Kuna shoti za ngazini, na wajukuu wawili bado wako hai.