Amplifaya inavuma? Usikimbilie kapasita

Fundi akisikia mvumo kwenye amplifaya, cha kwanza ni kuongeza kapasita (vifaa vinavyohifadhi umeme na kuulainisha). Mara nyingi ni hasara tupu, maana mvumo hautoki huko.

Chomoa spika kwanza (amplifaya ya valvu, yaani ya taa za kioo, usiiwashe bila spika, utaunguza transfoma ya kutolea). Kama bado inavuma, ni transfoma inatikisika: kaza bolti, itandikie mpira. Kama mvumo ulikuwa wa spika, rudisha spika, toa waya wa kuingizia sauti, kisha chomeka penye waya huo plagi ya RCA (ile ya duara ya sauti) ambayo pini imeunganishwa na ganda lake. Kukiwa kimya, kosa liko nje. Mvumo ukibaki, fungua kasha.

Umeme wetu ni hertzi 50. Mvumo mzito na laini wa 50 ni sumaku ya transfoma, na hapo kapasita hazisaidii kitu. Legeza bolti, weka multimita kwenye milivolti za AC penye spika. Zima, zungusha transfoma kidogo, washa, pima. Rudia mpaka upate pembe yenye namba ndogo kabisa. Umbali nao una nguvu: ukiisogeza kutoka sentimita 5 hadi 10 mbali na bodi ya kuingizia sauti, sumaku inabaki kama moja ya nane. Kinga ya alumini haizuii kitu hapa. Weka bati la chuma. Na bolti ya transfoma ya duara isiguse kasha juu na chini kwa pamoja: hiyo ni koili iliyofungwa, fyuzi itaungua.

Mvumo wenye mkwaruzo, hertzi 100, ni wa daiodi (zinazogeuza AC kuwa DC) na kapasita. Hapa kosa kubwa ni kuchukua arthi ya sauti (waya wa sifuri wa sauti) katikati ya kapasita mbili kubwa, palepale umeme wa kuzichaji unapopita kwa mikupuo. Toa waya mfupi kutoka hapo hadi nukta ya pembeni, arthi zote za sauti zianzie kwenye nukta hiyo. Nyaya za AC zisukwe pamoja.

Kuna wanaokata waya wa arthi wa plagi ili mvumo uishe. Utaisha, ila siku transfoma ikivuja, kasha zima lina volti 230. Waya huo ubaki umefungwa kwenye kasha. Badala ya kuukata, kati ya kasha na arthi ya sauti weka rezista ya omu 10, sambamba na kapasita ya nanofaradi 100 na daraja la daiodi (daiodi nne ndani ya kifaa kimoja) la ampia 35: unganisha + na − zake pamoja, tumia miguu yake miwili ya AC.