Mzee wa Mapera

Asubuhi hiyo ya mwaka 2016, katika chumba cha kuchungulia utumbo nilikokuwa muuguzi, aliletwa mzee wa miaka 68, dereva mstaafu wa malori. Uzito wake kilo 104. Mara mbili choo kilikuwa kimetoka na damu nyingi, wala tumbo halikumuuma.

"Mwanangu, ni mapera haya," alisema baada ya kuitikia shikamoo. "Mbegu zimekwama."

Dawa ya kusafishia tumbo ni lita 4: mbili jioni, mbili kuanzia saa 10 alfajiri. Yeye alikomea lita 3, kichefuchefu kilimshinda. Tukakuta tope kwenye utumbo mpana, ikabidi tusukumie maji kwa bomba la sindano, tuvute, tusukume tena. Hiyo si kero ndogo. Palipojaa vifuko, yaani vijishimo vinavyotokezea nje ya ukuta wa utumbo, mdomo wa kifuko hufanana na njia ya kupita, na ukisukuma kamera humo unaweza kutoboa ukuta. Daktari alipopoteza njia alirudi nyuma, akapunguza hewa, akasonga kwa maji.

Vifuko vilikuwa vingi, milimita 5 hadi 10, karibu vyote kushoto chini, kwenye kona ile yenye umbo la S. Pale utumbo ni mwembamba kuliko sehemu nyingine, kwa hiyo ukijikaza shinikizo hupanda zaidi. Utando wa ndani hutokezea nje pale mishipa ya damu inapopenya msuli. Mshipa hubaki umetandwa juu ya kifuko, na ukipasuka damu humwagika bila maumivu.

Mapera daktari hakuyauliza. Aliuliza dawa za goti. Diklofenaki ya miligramu 50, kutwa mara mbili, miaka mitatu, ya kujinunulia dukani. Kaka yake mkubwa? Naye alikutwa na vifuko. Kazi? Kukaa kwenye usukani miaka 30. Sigara aliacha ukubwani.

Umri ndio mzito kuliko yote: katika nchi za Magharibi, waliopita miaka 60 zaidi ya nusu wana vifuko. Ukoo na unene vinafuata. Diklofenaki ni kesi nyingine, kwa kuwa kosa lake kubwa ni kuvitoa damu vifuko vilivyokwisha kuwapo.

Chuoni tulifundishwa kuwa chanzo cha vifuko ni kukosa makapi, yaani nyuzinyuzi, kwenye chakula. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliandika hivyo na Neil Painter mwaka 1971. Lakini utafiti wa Marekani wa 2012, kwa watu waliopimwa kwa kamera, haukuona walaji wa makapi wakipungukiwa na vifuko. Ndiyo maana simwambii mtu kuwa dona itamzuilia vifuko. Namwambia inasaidia visivimbe. Na mbegu? Wanaume zaidi ya 47,000 wa Marekani walifuatiliwa miaka 18, na waliokula karanga na bisi hawakuumwa zaidi ya wengine.

Damu ilikuwa imekwisha kukatika yenyewe. Mzee alipozinduka akaambiwa mapera hayana hatia, akamgeukia mkewe, aliyemkataza nusu mwaka mzima.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Baba Rehema. Na vidonge vya goti nimesikia pia. Vilete hapa."