Usaili wa Entebbe

Mwaka 2013 nilikuwa nimemaliza Chuo Kikuu cha Kyambogo, hesabu na fizikia, nikawa nafundisha kwa muda katika sekondari moja mjini Tororo huku nikitafuta kazi ya kudumu. Gazeti la New Vision lilikuwa likifika kituo cha polisi alikofanya kazi baba, na wakubwa wakishalisoma aliruhusiwa kurudi nalo nyumbani. Jioni moja alikuja nalo limekunjwa mahali pamoja, akaliweka mezani mbele yangu, akaenda kuoga bila kusema kitu. Lilikuwa tangazo: wanatafutwa vijana wa kufundishwa kazi ya kuongoza ndege. Walitaka hesabu, walitaka fizikia au jiografia, Kiingereza cha kueleweka, na macho na masikio mazima.

Baba alikuwa signo, yaani askari wa redio. Tulikaa kambini, katika zile nyumba za bati za duara tulizoziita yunipoti, ambazo ikifika saa sita mchana huwezi kukaa ndani. Baba Msamia, mama Mteso, majirani kutoka kila pembe ya nchi. Kwa hiyo Kiswahili ndicho kilikuwa lugha ya nyumbani na ya kambi nzima. Chumba cha redio kilikuwa karibu na bomba la maji, na sisi watoto tukipanga foleni na madumu tulimsikia baba akifanya kazi. Akipokea ujumbe aliurudia wote kwa aliyeutuma, tarakimu moja moja, ndipo aandike saa na kuweka sahihi. Kama hakusikia, hakukisia. Aliomba urudiwe, hata kama upande wa pili ni afande mkubwa na sauti yake imeshaanza kupanda. Jambo hilo lilinikaa kichwani kuliko mengi niliyofundishwa darasani, na nililiona kuwa la heshima kubwa tangu nikiwa mdogo.

Kuomba kazi kwenyewe hakuna la kusimulia: vyeti vikagongwa muhuri wa wakili, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akaandika barua yake, nikapeleka bahasha Entebbe kwa mkono wangu. Muda mrefu ukapita kimya. Hatimaye nikapigiwa simu niende kwenye mtihani wa maandishi.

Katikati ya kusubiri nilikuwa naenda kwenye kafe ya intaneti karibu na stendi ya Tororo, nasoma kila nilichopata juu ya kazi hiyo. Hapo ndipo nilipojua kwamba mwongoza ndege hafanyi kazi ya kupunga vibendera uwanjani, kama wengi wetu tulivyodhani. Kuna wanaokaa juu mnarani na kuangalia ndege kwa macho zikitua na kuruka, wako wanaozipokea zinapokaribia, na wako wengine katika chumba kisicho na dirisha wanaoshughulika na zile zinazopita juu kabisa bila kutua. Wote kazi yao kuu ni kuhakikisha ndege mbili hazikaribiani kupita kiasi. Kwa kwenda juu, kipimo cha kawaida ni futi 1,000 kati ya moja na nyingine. Na chombo chao kikubwa kuliko vyote ni sauti. Nilipofika hapo nilimkumbuka baba na chumba chake, nikaona kumbe kazi hii naifahamu kidogo.

Mtihani wa maandishi ulikuwa wa kasi. Maswali mengi, dakika chache, na kikokotoo hakiruhusiwi. Ndege yenye mwendo wa noti 240, yaani maili 240 za baharini kwa saa, inakwenda maili nne kila dakika. Nyingine inaijia uso kwa uso kwa noti 180, ambayo ni maili tatu. Zikiwa maili 70 mbali, zitakutana baada ya muda gani? Unajumlisha nne na tatu, unagawa, dakika kumi. Si hesabu ngumu hata kidogo. Ugumu ni kwamba unaifanya huku swali la pili linakungoja na aliye pembeni yako ameshafungua ukurasa mwingine. Kulikuwa pia na maswali ya saa, kwa sababu ndege dunia nzima hufuata saa ya pamoja, na Uganda tuko mbele yake kwa saa tatu. Sisi tunaohesabu saa kuanzia alfajiri tulikuwa na hatua mbili za kupita: saa tisa alasiri kwanza uifanye 15:00, kisha utoe tatu, upate 12:00. Niliyazoea hayo kwa kuyafanya kichwani kila nilipotazama saa, hata darasani nikiwa nafundisha.

Nilipita. Usaili ukapangwa.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nililala kwa shangazi, Kitooro, hapo hapo Entebbe, maana kutoka Kampala ni kama kilomita 40 na foleni ya Kajjansi wakati ule haikuwa na huruma. Shangazi alinipigia pasi blauzi mara mbili. Asubuhi alinipa chai na mihogo, akasimama mlangoni kuhakikisha nimekula.

Chumba cha usaili kilikuwa na meza ndefu, wanaume watatu na mama mmoja, na dirisha la vioo vya kupangwa lililoelekea uwanjani. Waliniuliza habari za nyumbani, shule, kwa nini nataka kazi hii. Wakaniuliza kwa nini njia kubwa ya kurukia ya Entebbe imeandikwa 17 upande mmoja na 35 upande wa pili. Nikajibu kwamba ni mwelekeo wa dira: 170 ukielekea kusini, 350 ukirudi kaskazini, na sifuri ya mwisho huachwa. Mama akadakia: mchana upepo ukivuma kutoka ziwani, kusini, ndege itatua kwa upande upi? Nikasema 17, kwa kuwa ndege hutua ikiukabili upepo. Akaandika kitu.

Kisha mzee aliyekaa katikati, mwenye miwani, akachukua karatasi. "Wewe sasa ni rubani," akasema. "Nitasoma maagizo mara moja tu. Utanirudishia."

Akasoma kwa Kiingereza, haraka lakini kwa sauti tulivu: baada ya kuruka geuka kushoto, mwelekeo 090, panda hadi futi 8,000, namba ya rada... Hapo ndege ya mizigo ikaanza kukimbia nje kwenye njia ya kurukia. Vioo vyote vikatetemeka. Nilimwona midomo ikicheza. Katika namba hiyo, ambayo huitambulisha ndege kwenye rada, nikashika 4, nikashika 2, nikashika 1 ya mwisho. Tarakimu iliyokuwa kabla ya ile moja sikuipata.

Ngurumo ilipopungua walikuwa wananitazama. Nikarudisha kugeuka kushoto, nikarudisha 090, nikarudisha futi 8,000. Kisha nikasema: "Namba ya rada sikuisikia yote. Naomba uirudie."

"Nilisema nitasoma mara moja."

"Nilisikia, mzee wangu. Lakini siwezi kukurudishia namba ambayo sikuisikia."

"Ungekisia tu," akasema. "Tarakimu moja ina nini?"

Moyo ulikuwa unanidunda hadi masikioni. Nikamwambia niliyoyasoma juu ya ajali ya kisiwa cha Tenerife, Uhispania, 27 Machi 1977: ukungu umetanda uwanjani, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziko kwenye njia moja ya kurukia. Moja, ya shirika la KLM, ilianza kuruka bila ruhusa. Maneno ya mnara ya kuiambia isubiri, na maneno ya ile nyingine, ya Pan Am, kwamba bado iko njiani, yalitoka redioni kwa wakati mmoja, yakagongana, na ndani ya KLM kikasikika mlio mkali badala ya maneno. Watu 583 walikufa. Nikasema mimi nikiwa mnarani, rubani akinirudishia namba ya kukisia, afadhali anisumbue mara kumi.

Hakuna aliyetabasamu. Mzee akavua miwani, akairudisha, akasoma tena taratibu: 4261. Nikarudisha tarakimu moja moja, jinsi baba alivyokuwa akifanya. Mama akauliza nani alinifundisha kusoma namba hivyo. Nikamweleza kazi ya baba, naye akasema, "Msalimie."

Baadaye, masomoni, nilijua kwamba tarakimu za namba hizo ni 0 hadi 7 tu. 8 na 9 hazimo kabisa. Siku ile sikuwa najua, na hata ningejua ningebaki na nane za kuchagua.

Vipimo vya afya vilifuata. Kwenye kile cha masikio walinifungia ndani ya kibanda, wakanivika vidude vya kusikilizia, nikawa nabonyeza kitufe kila ninaposikia mlio, hata ule mdogo unaodhani umeusikia mwenyewe kichwani. Macho, rangi, presha ya damu, vyote vikaenda salama.

Barua ilipofika baba aliisoma akiwa amesimama, kuanzia anuani hadi muhuri, kwa sauti, mama akisikiliza na unga wa posho mikononi. Sehemu ya kwanza ya masomo ilikuwa Nairobi, kwa hiyo walitaka paspoti na kadi ya njano ya chanjo. Paspoti sikuwa nayo. Baba akaenda kuomba ruhusa kwa mkubwa wake, na wiki iliyofuata tulipanda basi la alfajiri pamoja kwenda Kampala kupanga foleni.