Salio liliniishia, nikapona

Nashona nguo Mwanza. Vipuri vya mashine yangu ya ovaloki huwa naagiza nje kwa kadi ya benki, maana hapa mjini visu vyake hupatikana kwa kubahatisha. Kwa hiyo barua pepe za "oda yako imepokelewa" si kitu kigeni kwangu, na ndiyo sababu ile moja ilinipata.

Iliingia saa nne kasoro usiku nikiwa napiga pasi sare za shule. Eti ahsante kwa kununua kinga ya virusi ya kompyuta kwa miaka mitatu, dola 399.99, pesa itakatwa kwenye kadi ndani ya saa 24. Chini, kwa maandishi mekundu: kama hukununua wewe, piga namba hii tufute oda. Namba inaanza na +1. Nikapiga hesabu ya haraka kichwani, ikaja kama milioni moja hivi ya shilingi. Pasi niliisahau juu ya sketi ya mtoto wa watu.

Nikapiga simu. Akapokea mwanaume mpole kupita kiasi, akaniuliza jina, akaniambia nisiwe na wasiwasi, niwashe tu kompyuta, nipakue programu fulani, halafu nimsomee tarakimu zitakazotokea ili afute oda yeye mwenyewe akiwa hukohuko. Nilikuwa naandika jina la hiyo programu, nimefika herufi ya nne, simu ikakata. Vocha niliyoweka jioni ilikuwa imemezwa na Marekani kwa dakika chache. Sijawahi kufurahia bei ya simu za nje kama siku ile.

Nikawa nahangaika kutafuta wa kunirushia salio. Binti ninayemfundisha kazi akaichukua simu, akaisoma barua taratibu, mdomo ukicheza.

"Dada, mbona hawajakutaja jina? Mpendwa mteja ndiyo nani?"

Akagusa jina la mtumaji, anwani kamili ikajitokeza. Juu palisomeka jina la kampuni kubwa, lakini anwani ilikuwa ya bure kama yangu na yako, na ile m iliyomo kwenye jina, ukiikazia macho, ni r na n zimebanana. Tena maelezo yote yalikuwa picha moja, huwezi kunakili hata neno. Baadaye nilielewa ni makusudi: vichujio vya barua taka husoma maandishi kwa urahisi kuliko picha.

Asubuhi nikapiga namba iliyo nyuma ya kadi yangu. Hakuna kilichokatwa, wala kinachosubiri kukatwa. Mhudumu wa benki akanisimulia kilichokuwa kinanisubiri. Ile programu ingemkabidhi tapeli kompyuta yangu mzimamzima. Angeniambia nifungue akaunti ya benki nione pesa ikirudi, kisha angebadilisha tarakimu kwenye ukurasa ulio mbele yangu, ionekane amerudisha dola 4,000 badala ya 400. Salio la kweli liko palepale. Hapo angeanza kulia kwamba atafukuzwa kazi, nimrudishie ziada, tena kwa kununua kadi za zawadi, zile zenye pesa ya kununulia vitu dukani, na kumsomea namba zake.

Kilichoniudhi ni kwamba tumeimbiwa "usibonyeze kiungo" mpaka basi, nami sikubonyeza chochote. Barua yenyewe haikuwa na kiungo hata kimoja. Mtego ulikuwa kwenye kufuta oda. Ni ndugu yake ile meseji ya matapeli, "ile hela tuma kwenye namba hii", ila huyu anajua Kiingereza na hana haraka.

Siku hizi nikiona oda nisiyoijua siijibu wala sipigi namba iliyomo. Nafungua programu ya duka kwa mkono wangu, naangalia orodha ya oda. Kisha naangalia miamala ya benki. Kama kote hakuna, naripoti kuwa ni ulaghai, nafuta. Hata anwani ikiwa halisi nafanya hivyohivyo, kwa sababu matapeli hutumia pia huduma za kweli za malipo kukutumia ankara, wakaandika namba yao kwenye sehemu ya maelezo. Ankara ni ombi tu. Usipoilipa haikati kitu.

Mtihani mgumu ulikuja mwezi uliofuata, nikiwa nangoja visu vyangu kwelikweli. Ujumbe ukaingia: mzigo wako umezuiwa, lipa dola 1.99 uachiliwe. Nikiri kwamba mkono ulikwenda kwenye pochi, maana dola mbili nani atakuibia? Kumbe hawataki dola mbili, wanataka namba ya kadi, kisha ule msimbo wa kuthibitisha malipo unaoingia kwa ujumbe. Nikashikilia kidole kwenye kiungo bila kukifungua. Jina la duka lilikaa mwanzoni, likafuatwa na nukta, kisha neno jingine kabisa ndilo lililogusana na .com. Hilo la mwisho ndilo mwenye nyumba, la mwanzo ni pambo la mlangoni. Nikaingiza namba ya mzigo kwenye programu ya duka: ulikuwa bado haujasafirishwa hata kidogo.

Ulifika wiki tatu baadaye, nikauchukua posta bila kudaiwa hiyo 1.99. Visu viwili, na kimoja si saizi ya mashine yangu. Nimeangalia oda: nilikosea mwenyewe.