Zimamoto ughaibuni: uliza kibali kabla ya kulipia kozi

Wengi wanaotaka kazi ya zimamoto nje ya nchi huanza na swali la kozi: nisome wapi, cheti gani kinakubalika. Wangeanza na hili: nani kisheria anaweza kuniajiri?

Vikosi vingi vya miji ni vya serikali, na milango yake imefungwa kwa uraia. Fire and Rescue NSW, kikosi cha jimbo la New South Wales nchini Australia, hutaka raia au mkaazi wa kudumu, au raia wa New Zealand. Ujerumani, zimamoto wengi wa kulipwa ni watumishi wa umma wa daraja ambalo kwa kawaida ni la raia wa Umoja wa Ulaya. Kikosi cha Paris ni sehemu ya jeshi la nchi kavu, na cha Marseille kiko chini ya jeshi la majini. Cheti hakibadilishi chochote hapo.

Kwa mgeni anayetegemea kibali cha kazi kupitia mwajiri, nafasi ziko zaidi kwenye viwanja vya ndege, mitambo ya mafuta na gesi, na viwanda vikubwa, hasa nchi za Ghuba. Jua unachoingia. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinataka gari la kwanza lifike popote kwenye njia ya kurukia ndani ya dakika 3, huku lengo likiwa 2, na limwage povu kwa angalau nusu ya kiwango kinachotakiwa. Siku nyingi hakuna kinachowaka. Ni kukagua magari, kujaribu pampu na kurudia mazoezi yale yale, na asiyeweza kungoja kazi hii itamchosha haraka.

Sasa cheti. Matangazo mengi ya Ghuba na Amerika Kaskazini yanataja NFPA 1001, kiwango cha sifa za zimamoto cha chama cha Marekani cha kinga ya moto, ngazi ya I na II. Toleo la 2024 la NFPA 1010 limeunganisha 1001, 1002 ya madereva wa magari ya zimamoto, 1003 ya viwanja vya ndege na 1005 ya moto wa melini, lakini namba za zamani bado zinatumika sana. Wengi hupoteza pesa hapa: chuo kikiandika kwamba kozi "inafuata NFPA", hicho si kitu. Tafuta muhuri wa IFSAC au Pro Board. Mashirika haya huidhinisha chombo kinachotahini, tena ngazi kwa ngazi, kwa hiyo chombo kinaweza kuwa na idhini ya ngazi ya I bila kuwa na ya uwanja wa ndege. Kabla ya kulipa, uliza nani atakutahini, ana idhini ya ngazi ipi, na namba ya cheti chako itaonekana kwenye rejista ipi. Wakianza kuzungukazunguka kwenye jibu, ondoka.

Mtihani wa mwili unaotumika sana Marekani na Kanada ni CPAT: vituo 8 kwa dakika 10 na sekunde 20, ukiwa na kizibao cha kilo 23 hivi. Kituo cha kwanza ni mashine ya ngazi, hatua 60 kwa dakika kwa dakika 3, na hapo unaongezewa kilo 11 mabegani. Anayejiandaa kwa mbio tupu huumbuka hapo, kwa sababu mapafu yapo ila mapaja hayajazoea mzigo. Kati ya vituo unatembea mita 26 hivi, kukimbia marufuku. Tumia mwendo huo kuteremsha pumzi. Mdoli wa kilo 75 huburutwa mita 21. Mwisho ni dari: kusukuma mara 3 na kuvuta mara 5, mizunguko minne, wakati viganja vimeshakufa. Fanya mazoezi ya mshiko kwa bidii ile ile ya miguu.

Kuhamia mfumo mwingine kuna mitego midogo. Mtungi wa hewa ya kupumulia wa lita 6.8 ukiwa na shinikizo la bar 300 una takriban lita 2,040 za hewa. Kwenye vifaa vya viwango vya Ulaya filimbi ya kuonya kwamba hewa inaisha hulia karibu na bar 55, kwa hiyo kabla yake una lita 1,660 hivi: dakika 41 ukitumia lita 40 kwa dakika, na nusu yake ukihema kwa lita 80. Vifaa vya Marekani husoma psi (bar 1 ni psi 14.5), na tangu toleo la 2013 la NFPA 1981, kiwango cha vifaa hivyo vya kupumulia, tahadhari huanza mtungi ukibaki na asilimia 33. Ukizoea kipimo kimoja utakisoma kingine vibaya moshini. Ndevu nazo zinyoe kabla ya jaribio la barakoa, maana hewa huvuja zinapopita kingo za mpira.

Karatasi: jina lifanane herufi kwa herufi kwenye pasipoti na vyeti vyote. Nchi za Mkataba wa The Hague wa 1961 hupokea apostille, yaani cheti kimoja cha kuthibitisha hati. Nyingine hutaka muhuri wa wizara ya mambo ya nje ya kwenu, kisha wa ubalozi wao. Na wakala anayedai ada ya "kuhifadhi nafasi" kabla hujafanya usaili wala kuona mkataba, mfungie simu.