Kuvuka Ghuba ya Disko Wakati wa Barafu

Tuliondoka Aasiaat asubuhi, mwezi wa Julai, kwenda Ilulissat, kiasi cha maili 50 za baharini kwenye pwani ya magharibi ya Greenland. Mashua ilikuwa ya chuma, urefu mita 11, na mabaharia watatu. Msimu ule jua halizami huko, kwa hiyo tulichokihofia ni ukungu.

Barafu nyingi ya ghuba ile inamomonyoka kutoka mto wa barafu wa Sermeq Kujalleq. Majabali makubwa ya barafu hukwama mlangoni mwa hori, yaani mkono mwembamba wa bahari, penye kina cha mita 250 hivi, mpaka yapungue ndipo yatoke. Hayo hayasumbui sana: yanaonekana kwa mbali na rada inayashika. Wauaji ni vipande vya ukubwa wa gari dogo, vinavyochungulia kwa futi moja tu. Sehemu kubwa imezama, mgongo wake umelainika, na ile barafu kongwe isiyo na viputo ni nyeusi kama maji yenyewe. Rada haiwezi kuitofautisha na wimbi. Ndiyo maana mtu mmoja alisimama omoni, mbele ya mashua, muda wote, kwa zamu ya nusu saa, akimwonyesha mshika usukani njia kwa mkono.

Kila jabali tulilipita upande wa joshini, upepo unakotoka. Jabali lina kina kirefu, linafuata mkondo. Vipande vilivyokatika vinaelea juujuu na vinasukumwa na upepo, kwa hiyo vyote hujikusanya upande wa pili. Hatukulikaribia hata moja chini ya urefu wake, maana likiliwa na maji kwa chini hupinduka bila taarifa. Ukisikia mlio kama wa bunduki, elekeza omo kwenye wimbi linalokuja.

Maili za mwisho barafu ilisongamana. Tukashusha matanga, tukawasha injini, mwendo noti 2, yaani maili mbili za baharini kwa saa. Upondo wetu, mti wa kusukumia barafu, ulikuwa wa mbao, mita tatu na nusu, ncha ya chuma. Kipande hakidungwi. Unaweka ncha taratibu, unaukaza mti kiunoni, kisha unaegemea mpaka kianze kusogea chenyewe. Mita moja ya ujazo ina uzito wa karibu kilo 900. Ukikirukia kwa nguvu ncha inateleza na wewe unaifuata. Maji yale yalikuwa karibu na nyuzi sifuri. Dakika ya kwanza pumzi inakatika, na baada ya kama kumi vidole havishiki tena kamba. Kila mtu alikuwa amejifunga kwa mkanda. Kipande kikipita ubavuni kuelekea tezi, nyuma ya mashua, gia inawekwa fri mpaka kipite, na kurudi nyuma ni mwiko, kwani usukani na propela ndivyo vitakavyopigwa kwanza.

Karibu na bandari mlio wa bomba la moshi ukabadilika, ukawa mkavu. Maji ya kupozea hayakuwa yakitoka. Tukazima injini papo hapo, tukafunga vali ya maji ya bahari na kufungua chujio: limejaa barafu laini kama ile ya muuza juisi. Wawili wakashika pondo kuzuia vipande, wa tatu akamimina maji ya moto ya birika, akafunga kifuniko, akafungua vali. Injini ilipowaka tulisubiri kwanza maji yatoke nyuma ndipo tukatia gia.

Kwa maoni yangu, kazi ile haifanyiki bila glavu za mpira zenye sufi ndani, na jozi ya akiba kavu kwa kila mtu.

Tulipofunga kamba Ilulissat, rangi ya omoni kwenye mstari wa maji ilikuwa imekwanguka mpaka chuma, tukaipaka upya. Impela ya pampu, gurudumu la mpira lenye mabawa linalosukuma maji ya kupozea, tuliibadilisha ingawa ilionekana nzima. Ikizunguka bila maji hata kwa muda mfupi mpira huungua, na ufa huanzia kwenye shina la ubawa, mahali ambapo huuoni mpaka uukunje kwa kidole.