Dalia zangu zilivyolala chini, na nilivyozisimamisha

Mvua ya masika ilinyesha usiku kucha, na asubuhi nikakuta dalia zangu zimelala kifudifudi kwenye tope. Ua la dalia likishanyonya maji huwa zito kama nguo iliyoloa, na shina lake lina uwazi ndani. Haliwezi mzigo huo.

Nikakimbilia panga, nikakata fito, nikazichomeka kwa nguvu kando ya kila shina na kufunga kwa uzi wa nailoni. Nikakaza kweli. Fito moja ikatoboa kiazi cha dalia kule chini, kile kinachootesha mche, kikaoza. Upepo ulipokuja, uzi ukakata mashina mawili kama wembe.

Mama alikuwa akiweka miega kwenye migomba, akanicheka. "Mwanangu, mimi mgomba nauwekea mwega kabla mkungu haujauinamisha. Wewe unasubiri maua yaanguke ndiyo utafute mti?"

Msimu uliofuata nilianza na miti. Mianzi ya futi sita, futi moja na nusu ikiwa ardhini, kisha ndipo nikalaza kiazi pembeni yake, jicho lake, pale panapochipua, likielekea mwanzi. Uzi nikautupa, nikachana fulana kuukuu vipande vya upana wa vidole viwili. Kipande kinazunguka mwanzi, kinapishana katikati, halafu kinakumbatia shina, kama namba 8. Fundo hukaa upande wa mwanzi. Kidole changu kikipita kati ya kitambaa na shina, nimemaliza. Mche ukipanda futi nyingine, naongeza kipande kingine.

Nilikata pia kilele cha kila mche ulipofikisha jozi nne za majani, ukatoa matawi na kuwa mfupi kidogo. Roho iliniuma, lakini maua yaliongezeka.

Siku moja niliinama kupalilia, ncha ya mwanzi ikanikosa jicho kidogo tu. Sasa kila mwanzi umevaa chupa ndogo ya plastiki kichwani. Haipendezi, najua.

Zile fito za mwanzo je? Nilizikata kwenye masale ya mpakani, nikasahau kwamba sale halifi kirahisi. Mbili zimechipua katikati ya maua. Nilitaka kuzing'oa, mama akakataa katakata: huku kwetu Uchagani sale ni mmea wa heshima, ndilo linaloshikwa mtu akienda kuomba radhi. Basi yote mawili yamebaki palepale, na dalia nyekundu imeliegemea moja.